Usivute Karatasi Bado

Jambo kwa walio Uvira mjini na Kavimvira, jambo kwa Kiliba, Runingu na Sange, jambo kwa Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola, na jambo la pekee kwa kwetu Mutarule. Kabla sijaingia katika habari ya leo, naomba mpunguze kelele hapo mlipo. Mama uliye jikoni, weka mwiko kando kidogo. Leo nimekuja na kitu mkononi, na nataka mkisikie.

(Karatasi inachanika.)

Basi. Hiyo ni karatasi inayoachana na mshono. Mmesikia ilivyonyooka? Fupi, kavu, kama ganda la hindi linapoambuliwa. Sasa nasogea karibu zaidi na kipaza sauti. Sikilizeni ya pili.

(Karatasi inachanika, inakwama, inachanika tena.)

Hii imekwama, na mwishoni mmesikia "tak" ndogo. Ile "tak" ni uzi kukatika. Miraba hii miwili imeshonwa na mikono ileile, ya kwangu, kwa mashini ileile ya kukanyaga, kwa vipande vya kikwembe kimoja. Tofauti yao ndiyo nitakayoieleza, maana tangu tuanze kushona mifarishi ya viraka pale Mutarule, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Mama fundi, karatasi hii inatokaje?"

Niwaeleze kwanza ambao hawajawahi kuona kazi yenyewe. Mfarishi ni kifuniko cha kitanda cha tabaka mbili au tatu zilizoshonwa pamoja. Tabaka la juu ndilo lenye nakshi ya vipande: nyota, almasi, mistari inayozunguka kitovu kimoja kama kuta za nyumba. Vipande vyenyewe ni vyembamba, vingine havizidi upana wa kidole, na ncha zao lazima zikutane. Ukijaribu kukata kila kimoja kwa mkasi na kukishona kwa kukadiria macho, nyota yako itatoka na kilema. Ndiyo maana wenye kazi hii wakaitafuta karatasi. Unachora nakshi nzima kwenye karatasi na kuandika namba: 1, 2, 3, hadi mwisho. Kitambaa unakiweka upande usio na mchoro, unageuza karatasi juu, unashona palepale penye mstari, sindano ikipita karatasi na kitambaa kwa pamoja. Kisha unakunjua, unapiga pasi, unaongeza kipande kinachofuata. Mstari ulionyooka kwenye karatasi unakuwa mshono ulionyooka kwenye nguo. Msichana aliyekalia mashini mwezi uliopita anaweza kushona ncha kali kama ya mkuki, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Lakini akimaliza, karatasi yote imenasa nyuma. Kila mshono umeipitia. Ni lazima itoke, na ikitoka vibaya inaondoka na kazi yake.

Mimi kazi hii ilinifikia kwa njia ndefu. Mdogo wangu alikimbilia Tanzania, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, ile ya mkoa wa Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wetu wa Kivu Kusini. Kutoka Nyarugusu akapata safari ya Marekani, kama maelfu ya wenzake. Huko alikofikia, kanisani kwao kuna mama wazee wanaokutana kila wiki kushona mifarishi, nao wakamkalisha kati yao wakamfundisha. Siku moja jamaa aliyekuja kwa harusi akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na mraba mmoja, nyota ya ncha 8, buluu na njano, karatasi ikiwa bado iko nyuma. Na juu ya karatasi, kwa kalamu, mdogo wangu alikuwa ameandika: "Yaya, usivute bado."

Nilivuta siku hiyohiyo. Kwa fundi wa nguo, karatasi ni kitu cha kuondolewa. Sisi patroni yetu tunaikata kwenye mfuko wa saruji, tunaiweka juu ya kitambaa, tunazungushia chaki, tunaiondoa, ndipo tunashona. Halafu tunaining'iniza kwenye msumari ukutani, na patroni ya sketi ya mteja inaweza kukaa pale miaka kumi ikimngojea arudi. Hii ya mdogo wangu ilikuwa imeshonwa pamoja na kitambaa, na ilikuwa ya kutumika mara moja tu. Sikuelewa. Nikaivuta kwa furaha, nikaitandaza nyota mezani, na kufikia jioni, kwa jinsi kila aliyepita alivyoishika na kuinyoosha, kingo zake zilikuwa zimelegea zikawa na mawimbi kama sikio la tembo. Ule mraba haukuweza tena kuungana na mwingine. Ninao hadi leo, ndio wa kwanza ninaowaonyesha wanafunzi wapya.

Jina la Mutarule likitajwa redioni, wengi wenu mnakumbuka usiku wa tarehe 6 Juni 2014. Watu wasiopungua 30 waliuawa usiku ule, wengi wao wakiwa katika ibada ya nje. Sitapita jambo hilo kana kwamba halikuwepo, wala siwezi, maana nakaa na wenye makaburi hayo. Lakini nataka jina la kijiji chetu lisikike pia kwa kazi ya mikono yake. Chini ya mwembe wetu hukaa wanawake waliofiwa, wasichana waliokatiza shule, na mama walioitwa wakimbizi katika nchi mbili au tatu kabla ya kurudi. Wanabishana kuhusu milimita. Ndiyo habari ninayowaletea leo, habari ya milimita.

Narudi kwenye swali: karatasi inatokaje? Jibu langu huwashangaza. Kutoka kwa karatasi kunaamuliwa kabla hujakanyaga mashini. Aliyekuja kwangu akilia kwamba karatasi yake imegoma, mimi siangalii vidole vyake. Naangalia karatasi aliyoichagua, naangalia sindano, naangalia hatua za mshono. Kwa kawaida kosa nalikuta hapo, na hakuna ujanja wa vidole utakaoliponya.

Tuanze na karatasi. Mfuko wa saruji tunaupenda kwa patroni za nguo kwa sababu haukubali kuchanika. Umetengenezwa ubebe kilo 50 na kutupwa chini kutoka kwenye gari. Kwa sababu hiyohiyo haufai hapa hata kidogo. Karatasi ya kalenda, ile inayong'aa, haifai pia: inateleza chini ya mguu wa mashini, na ukiichana inaacha ndimi kali. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatumika ikiwa huna nyingine, lakini inataka subira. Karatasi nyepesi isiyong'aa, ya aina ile wanayochapia magazeti, yenye gramu 45 hivi, ndiyo bora, mradi iwe tupu, maana wino wa gazeti hushika vidole na vidole hushika kitambaa cheupe. Kwetu sisi, karatasi inayopatikana kila nyumba ni ukurasa wa daftari la shule. Inafaa sana. Jaribu namna hii: shika kona kwa vidole viwili uichane polepole. Ikikubali bila kunung'unika, ichukue. Ikikukatalia kama kitambaa, iache.

Najua mtu wa Sange ananiuliza sasa hivi: mfarishi mmoja una miraba 30 au 40, na kila mraba unataka karatasi yake mpya yenye mchoro uleule. Nani atachora mara 40? Kwenda kupiga fotokopi mjini ni nauli na ni malipo kwa kila ukurasa. Hapa nina njia ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji umeme wala wino. Toa uzi kwenye mashini, wa juu na wa chini. Panga karatasi 8, ile yenye mchoro iwe juu, zibane kwa pini. Kisha shona mistari yote bila uzi. Sindano itapita zote 8, na ukizitenganisha, kila moja ina nakshi nzima ya vitundu. Huhitaji kuona wino. Inua karatasi uelekeze kwenye mwanga, mistari inawaka kama nyota. Na angalia faida yake ya pili: karatasi tayari imetobolewa mahali palepale itakapochanika. Umeifundisha njia ya kutokea. Kwa kazi hii weka sindano kuukuu, maana karatasi hula makali ya sindano. Ile mpya itunze kwa kitambaa.

Sasa sindano yenyewe. Kwa kikwembe na karatasi pamoja weka namba 14. Namba 11 inatoboa tundu dogo mno, karatasi inabaki imeshikana. Wako wanaoweka 16 ili tundu liwe kubwa zaidi. Mimi sikubaliani nao. Kikwembe kizuri kimefumwa kwa kubana, na 16 inaacha alama inayoonekana hata baada ya kufua.

Halafu hatua za mshono. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ugonjwa. Upande wa kulia wa mashini yako kuna kipini kinachopanda na kushuka. Ndicho kinachoamua sindano iruke umbali gani. Gauni la kawaida tunalishona kwa hatua ya milimita 2 na nusu hivi, na mafundi wenye haraka huipandisha hadi 3 au 4, nguo iishe mteja aondoke. Kwa kazi ya karatasi shusha hadi milimita 1 na nusu. Kama mashini yako imefutika namba, shona kwenye kipande cha kujaribia, weka rula, uhesabu: unataka hatua 6 au 7 katika kila sentimita. Matundu yakikaribiana hivyo, karatasi inabaki imeshikwa na vijidaraja vyembamba tu, na mshono wenyewe unakuwa imara kiasi cha kustahimili kuvutwa. Ule mraba wa kwanza niliouchana hapa ulishonwa kwa 1 na nusu. Wa pili nilishona makusudi kwa 3. Mmesikia wenyewe.

Lakini usidhani kwamba kadiri hatua inavyozidi kuwa ndogo ndivyo bora. Msichana mmoja wetu, mwenye bidii sana, alishusha kipini hadi karibu na sifuri. Karatasi ikaanza kumdondokea kabla hajafika kipande cha nne, akabaki ameshika kitambaa kisicho na kiongozi. Na alipokosea kipande kimoja akataka kufumua, alikaa mchana mzima akichokoa nyuzi ambazo zilikuwa zimeshikana kama saruji. Niliumia kumtazama. Kwa hiyo 1 na nusu, na ukihitaji kubadilisha, badilisha kidogo.

Jambo jingine dogo, nalisema kwa kupita: mshono uanze hatua mbili kabla ya mstari na uishe hatua mbili baada yake, ili unaofuata uukanyage na kuufunga. Mshono usiokanyagwa ndio unaofumuka karatasi inapovutwa.

Na pasi. Tunatumia pasi ya makaa, na tumezoea kunyunyizia maji nguo ikiwa kavu. Wakati karatasi iko ndani, usinyunyizie. Karatasi ikilowa na kupigwa moto hujikunja na kusinyaa, na mraba wako unapoteza kipimo. Pasi kavu, ishushe na kuiinua, usiisugue. Kama umepiga fotokopi, jaribu kwanza kwenye kipande kibovu, maana ule unga mweusi wa fotokopi unaweza kuyeyuka kwa joto ukahamia kwenye kitambaa au kwenye uso wa pasi.

Sasa tumefika: mraba umekamilika, umekatwa pembe nne, akiba ya mshono milimita 6 pande zote. Mkono unawasha. Unataka kuvuta. Hapo ndipo naandika kila mara, kwenye kila karatasi ya mwanafunzi mpya, yale maneno ya mdogo wangu.

Kitambaa kina nyuzi za kwenda urefu na nyuzi za kwenda upana. Ukikivuta kwa kufuata nyuzi hizo hakiendi mbali. Ukikivuta mshazari, kona kwa kona, kinarefuka kama mpira. Fundi wa nguo anajua hilo, ndiyo maana sketi iliyokatwa mshazari inaanguka vizuri mwilini. Katika nyota yetu vipande vidogo vinageukia kila upande, kwa hiyo kingo za mraba mara nyingi ziko mshazari, na kitu pekee kinachozizuia zisirefuke ni ile karatasi. Ukiitoa kabla mraba haujashonwa kwa jirani zake, umeutoa mtoto mgongoni njiani kabla hajajua kutembea. Kwa hiyo subiri. Unganisha mraba na mraba, karatasi kwa karatasi. Mistari yenyewe itakusaidia kulinganisha kona. Mraba uliozungukwa pande zote nne ndio unaoruhusiwa kuachwa wazi. Wa pembeni kabisa, unaopakana na hewa, subiri hadi mfarishi upate pindo lake.

Kuna ruhusa moja. Mkishaunganisha miraba miwili, ile karatasi iliyonaswa ndani ya akiba ya mshono, kile kiukanda cha milimita 6, itoeni mara moja. Ikibaki, mshono hautalala, na mahali panapokutana kona nne patakuwa na kinundu ambacho sindano itakikataa.

Sasa vidole. Geuza mraba kifudifudi, karatasi ikutazame. Anza na namba ya mwisho urudi nyuma hadi namba 1, kwa sababu kilichoshonwa mwisho ndicho kinachoifunika karatasi ya kilichotangulia. Kunja karatasi kwenye mstari wa mshono, upande mmoja na upande wa pili, upitishe ukucha juu ya mkunjo. Weka kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya mshono wenyewe, ukandamize. Hicho ndicho kinacholinda uzi. Mkono wa kulia uchane karatasi kuelekea kando, ikilala chini karibu na meza. Usiinyanyue juu. Anayenyanyua karatasi juu ananyanyua na uzi.

Au tumia njia hii, ambayo wanafunzi wangu wanaipenda kwa sauti yake. Shika mraba kona mbili zinazotazamana, uvute mshazari, kidogo tu, mara moja. Sikilizeni.

(Mlio mfupi wa matundu yakiachana.)

Ile "trrr" ni vijidaraja vyote kukatika kwa pamoja. Baada ya hapo karatasi inatoka kwa kuinuliwa tu. Lakini nimesema kidogo, na nimesema mara moja, na ni kwa mraba ambao tayari una jirani.

Vijipande vinavyobaki kwenye kona, vidogo kama punje ya mchele, vinawatesa watu kuliko karatasi kubwa. Tumia kibano kama unacho, kama huna, sindano kubwa butu ya kushonea magunia. Vikigoma, lowesha kitambaa safi, kikamue, ukipitishe juu ya mshono, hesabu hadi 60. Karatasi ya daftari italegea. Hii ni kwa wale waliotoboa mistari bila wino au waliochora kwa penseli. Mwenye mistari ya buluu ya daftari na kalamu juu yake ajaribu kwanza pembeni, kuna wino unaotembea.

Iko pia njia ya kutoishona karatasi kabisa. Unaikunja kwenye mstari, unashona kitambaa kando ya mkunjo, sindano inaipita karatasi kwa unywele. Ukimaliza unaikunjua, ni nzima, unaitumia tena kwa mraba mwingine. Kwa umaskini wetu wa karatasi, ungedhani ningeifundisha hiyo kwanza. Siifundishi kwanza. Inataka mguu uliotulia juu ya kikanyagio na jicho lililozoea, na mwanafunzi akiteleza milimita moja hapa, milimita moja pale, mwisho miraba yake haitoshani na anakata tamaa. Atoboe kwanza. Baada ya mifarishi miwili akiniomba, namwonyesha.

Wengine wananiuliza kwa nini tusiiache tu karatasi humo ndani, itakuwa kama kijazio. Huko mbali wako walioiacha. Chama cha washona mifarishi cha Uingereza kinahifadhi mfarishi wa hariri wenye mwaka 1718 ulioshonwa juu yake, na karatasi zake bado zimo ndani, zaidi ya miaka 300. Ile ni njia nyingine ya karatasi, ambapo kitambaa kinakunjwa kuizunguka na vipande vinaunganishwa kwa mkono, lakini kanuni ya kutoa ni ileile: kipande kikishazungukwa, karatasi yake hutolewa. Mifarishi ya kale iliyoachwa bila kumalizwa imewafaa sana wanaochunguza historia, maana karatasi zilizonaswa ndani yake zilikuwa barua za watu, hesabu za duka, madaftari ya watoto. Na huko Marekani, miaka ya njaa ya 1930, wanawake walishona vipande vyao juu ya magazeti na kurasa za vitabu vya matangazo ya maduka, maana ndiyo karatasi iliyokuwepo nyumbani.

Sisi hatuwezi kuiacha. Kwanza mchwa. Bonde la Ruzizi lote ni lao. Karatasi ndani ya nguo iliyokunjwa sandukuni ni karamu ya mchwa na mende, na wakimaliza karatasi hawataomba ruhusa ya kuendelea na kitambaa. Pili, kufua. Mfarishi wenye karatasi ukiutia majini, karatasi inakuwa uji, na ukikauka juani ule uji unaganda mabonge ambayo hayatoki tena. Tatu, uzito na kelele. Hakuna anayetaka kulala chini ya kitu kinachochakarika.

Hata hivyo, niliwahi kuombwa niiache. Mama mmoja wetu alikuja na daftari la binti yake la darasa la tatu. Binti sasa ni mtu mzima, ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Bujumbura. Mama alikuwa amelihifadhi daftari lile katika kukimbia kote, kwenda na kurudi, na siku ile akaamua kulitumia kwa mfarishi wa mjukuu. Kila mraba ulikuwa na mwandiko wa mtoto nyuma yake: jedwali la kuzidisha, majina ya mito, mchoro wa kuku. Alipofika wakati wa kuchana aliniuliza kama angeweza kuacha mraba mmoja tu, ule wa kuku. Nilimwambia kuhusu mchwa na kuhusu maji. Akasikiliza, akaanza kutoa. Sijawahi kuona mtu akitoa karatasi kwa utaratibu ule. Kila pembetatu ilitoka nzima, kingo zake zikiwa na meno madogo ya sindano. Aliziokota zote, akaziweka ndani ya Biblia yake, na yule kuku alipotoka alikuwa vipande 6. Akavipanga juu ya meza tukamwona kuku tena, kila mmoja akaja kumtazama.

Mnaniuliza, katika joto letu la bondeni, nani anataka mfarishi? Kwetu tunaushona tabaka mbili, bila kijazio, na unatosha kwa usiku wa mvua. Lakini pandeni Lemera, pandeni nyanda za juu za Minembwe, au fikeni Bukavu mwezi wa sita. Huko wanataka tabaka tatu, na katikati tunaweka blanketi kuukuu lililofuliwa. Mnunuzi wa Bukavu huugeuza mfarishi kwanza, autazame nyuma kabla ya mbele, apitishe mkono kwenye mishono akitafuta tundu na uzi uliolegea. Na anafanya vizuri.

Muda wangu unaisha, mwenzangu wa mitambo ananionyesha kidole. Alhamisi asubuhi tutakuwa chini ya mwembe kama kawaida. Anayetaka kuja aje na mabaki ya vikwembe, vyovyote, hata vipande vya upana wa vidole viwili, lakini viwe vimefuliwa, maana kikwembe kipya kina ule ugumu wa kiwandani na kinaweza kusinyaa kikifuliwa baadaye. Aje na daftari la zamani lililojaa, na sindano moja iliyokwisha makali asiitupe.

Na huu mraba nilio nao mkononi, ule wa kwanza, nimeshatoa karatasi upande wa kushoto, ndiyo mliyoisikia, kwa sababu upande huo tayari una jirani yake. Upande wa kulia haujapata bado. Jirani yake anashonwa na msichana wa Mutarule, ameniahidi ataumaliza Jumatano. Karatasi ya upande huo naiacha.